Mlinzi Asiyejua Utani: Kasoro za Roboti Tunaowakabidhi Magrupu Yetu

Siku hizi ukilalamika kwamba grupu lako limekushinda, ushauri wa kwanza utakaopewa ni mfupi: "Weka roboti." Na maelekezo yapo kibao, ya maandishi na ya video, karibu yote yana mapishi yaleyale. Fungua Telegram, ongea na BotFather, chukua tokeni. Mwingize roboti wako kwenye grupu, mpe uadmini. Bandika orodha ya maneno mabaya. Weka kanuni ya onyo mara tatu kisha mtu anatolewa. Dakika kumi tu, kazi imekwisha, admini akalale.

(Wengine husema "boti". Kwangu mimi boti ni ile ya kwenda Zanzibar, kwa hiyo humu tutatumia "roboti".)

Makala haya ni uhakiki wa mapishi hayo. Hatua mbili za kwanza sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu uko kwenye mbili za mwisho, yaani orodha ya maneno na adhabu inayotoka yenyewe. Zikiunganishwa, zinampa roboti kazi ya kuelewa maana, kazi asiyoiweza, na kwa Kiswahili ndiyo kabisa. Halafu gharama ya makosa yake inabebwa na watu ambao hakuna anayewahesabu. Twende taratibu.

Anachokiweza

Tumpe haki yake kwanza. Telegram ilifungua mlango wa roboti mwaka 2015, na leo grupu moja linaweza kuwa na watu hadi 200,000. Hakuna binadamu wa kukesha akisoma yote hayo. Roboti ni programu inayokaa kwenye kompyuta fulani, inapokea ujumbe, inaulinganisha na kanuni ilizopewa, halafu inatuma amri: futa, nyamazisha, toa. Kwa kawaida Telegram humzuia roboti asione mazungumzo yote ya grupu. Anaona amri anazopewa yeye, majibu ya jumbe zake, na vitu vichache vya aina hiyo. Ukimpa uadmini, kizuizi hicho kinaondoka na anaona kila kinachoandikwa. Shika hilo, tutalirudia.

Kuna kazi ambazo huyu bwana anazifanya vizuri kuliko mtu. Akaunti imejiunga dakika moja iliyopita na tayari imemwaga linki tano za "weka 10,000 upate 100,000". Mtu mmoja anatuma stika arobaini kwa dakika. Ujumbe uleule unabandikwa mara ishirini. Mgeni anaingia, anatakiwa kubonyeza kitufe kuthibitisha kwamba ni mtu kweli. Ukiziangalia kazi hizi zote, hakuna hata moja inayohitaji kuelewa kilichosemwa. Unahesabu tu: linki ngapi, ndani ya muda gani, akaunti ina siku ngapi humu ndani. Kompyuta huhesabu bila kuchoka wala kupendelea shemeji yake.

Tuziite kazi za tabia. Hapo mpe roboti rungu, sina neno. Shida inaanza tunapomkabidhi kazi za maana kwa rungu lilelile.

Himalaya ni tusi?

Orodha ya maneno, kwa namna yake ya kizembe zaidi, hufanya hivi: inatafuta mfuatano fulani wa herufi popote ulipo ndani ya ujumbe. Ikiukuta, inafuta. Haijui neno linaanzia wapi na kuishia wapi.

Tatizo hili ni la zamani na lina jina la mji. Mwaka 1996 kampuni ya AOL ilikuwa inawakatalia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti, kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazounda tusi la Kiingereza. Tangu hapo wataalamu huliita tatizo la Scunthorpe, na wengi hulichukulia kama kichekesho cha historia.

Kwa Kiswahili halijawa historia. Weka "malaya" kwenye orodha uone kitakachompata mwalimu wa jiografia akiandika "Himalaya". Weka "fala", na kila anayeuliza kuhusu falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, atapewa onyo. Weka "tako", na "nitakosa", "nitakopa" na "nitakodi" zote zimeingia mtegoni, maana kiambishi cha wakati ujao "-ta-" kikikutana na kitenzi kinachoanza na "ko-", neno lile linajitokeza lenyewe. Lipo pia lile tusi zito la herufi nne ambalo sitaliandika hapa. Limo ndani ya "kumaliza" na "kumaanisha". Jaribu kuendesha grupu la wanafunzi bila neno "kumaliza". Nao watu wa Sengerema kule Mwanza, na wa Mbooni kule Makueni, watajikuta ni Scunthorpe wa Afrika Mashariki kwa kutaja tu nyumbani kwao.

Unaweza kusema hizo ni bahati mbaya chache. Sivyo. Kiswahili hujenga maneno kwa kubandika viambishi vifupi vya silabi moja moja, na silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Maana yake silabi ni chache na zinarudiwa mno, kwa hiyo uwezekano wa neno fupi kujitokeza kwa ajali ndani ya neno refu ni mkubwa. Na matusi, si unajua, mengi ni mafupi.

Kiswahili hakikai kwenye orodha

Mtaalamu wa kompyuta atanijibu haraka: "Hilo limeshatatuliwa. Mwambie roboti atafute neno zima, lenye nafasi au alama ya uandishi kila upande." Ni kweli. AutoMod, chombo ambacho Discord ilikileta mwaka 2022, hufanya hivyo kama hukumwambia vinginevyo. Ukitaka alegeze, unaweka nyota mwanzoni au mwishoni mwa neno. Hapo Himalaya inapona.

Lakini sasa umeangukia upande wa pili. Kiingereza kinaweza kuvumilia kanuni ya neno zima kwa sababu neno lake hubadilika kidogo: unaongeza herufi mbili tatu mwishoni, basi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima tumboni. Chukua "piga". Viambishi vya nafsi ya mtenda ni 6 (ni, u, a, tu, m, wa). Tuchukue nyakati 4 tu (na, li, ta, me). Viambishi vya mtendwa tuchukue 5 (ni, ku, m, tu, wa). Sita mara nne mara tano ni 120, ukitoa machache yasiyosemeka kama "ninanipiga". Bado hujaongeza pigwa, pigana, pigia, pigisha. Bado ukanushi. Bado "aliyekupiga" na "watakaotupiga". Orodha ya kitenzi kimoja inakimbilia mamia mengi, na hakuna admini atakayeiandika. Kwa hiyo anachoka, anarudisha nyota, na Himalaya inafutwa tena.

Tuseme sasa admini mvumilivu amepatikana, ameandika aina zote. Soma hizi:

"Nitakupiga."
"Nitakupigia."
"Nitakupiga picha."
"Nitakupiga jeki."

Ya kwanza inaweza kuwa tishio. Ya pili ni ahadi ya simu, na tofauti yake na tishio ni herufi moja, "i". Ya tatu ni ya mpigapicha wa harusi. Ya nne ni ya rafiki anayetaka kukusaidia. Kitenzi hiki ndicho tunachotumia kwa simu, kura, pasi, mswaki, hodi, chafya, miayo na magoti. Ukikifungia umefungia nusu ya maisha. Ukikiacha umeacha na matishio ya kweli.

Hata neno likiwa zima na la wazi, bado hujamaliza. "Ujinga" likiandikwa kwenye orodha, roboti atafuta maadui watatu wa Mwalimu Nyerere, ujinga, umaskini na maradhi, maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi Tanzania anayajua kwa moyo. Kuna na utani. Mhehe na Mngoni wakikutana kwenye grupu, wanaweza kuambiana mambo ambayo mgeni angeita polisi, na wenyewe wanacheka. Utani una kanuni zake: nani anamtania nani, kwa lipi, na msibani inakuwaje. Kanuni hizo ziko kwenye uhusiano wa watu wawili. Kwenye herufi hazimo, na roboti anaona herufi tu.

Somo la "madoadoa"

Mtu anaweza kusema kwamba orodha zetu ni mbovu kwa sababu zinatungwa na maadmini waliochoka, na kwamba wangekaa wataalamu zingekuwa nzuri. Tunao mfano wa hilo. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno yanayoweza kubeba chuki. Mojawapo lilikuwa "madoadoa". Sababu ilikuwepo, na nzito: kwenye siasa za Kenya neno hilo limetumika kuwataja watu wa jamii nyingine wanaoishi "kwa watu", na kuitana madoadoa ni hatua ya kuelekea kuondoana. Kumbukumbu za machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 hazijafutika.

Orodha ile haikuwa na ujinga wowote kama kitu cha kusomwa na watu. Polisi, mwanahabari au admini akiisoma anaongezewa sikio. Tatizo linakuja mtu anapoinakili na kumbandikia roboti. Ingia kwenye grupu la wakulima uone: "Majani ya mahindi yangu yana madoadoa ya kahawia, ni ugonjwa gani?" Huyo ndugu anahitaji jibu leo, maana kesho ugonjwa umeshahamia mstari wa pili. Roboti amemfuta.

Orodha hiyohiyo ilikuwa na "hatupangwingwi", neno la Sheng lililotoka kwenye wimbo, likachukuliwa kwenye kampeni. Hapo unaona mwendo wenyewe: neno linazaliwa mtaani, linapanda jukwaani, linaingia kwenye orodha. Wenye nia mbaya huwa wameshahamia neno jingine wakati orodha inachapishwa. Au wanabaki na lilelile na kulivunja kidogo: 0 mahali pa o, 3 mahali pa e, nukta katikati. Kwa hiyo orodha ikishazoeleka humnasa zaidi asiye na hila, kwa sababu yeye hakujua kwamba anatakiwa kukwepa kitu.

"Basi tuweke akili mnemba"

Hili ndilo jibu la siku hizi. Badala ya orodha, tumia modeli iliyofunzwa kwa mifano mingi, inayosoma sentensi nzima na kutoa alama ya ukali. Ni hatua mbele, sipingi. Ila kuna maswali mawili ambayo mapishi hayaulizi.

La kwanza: imefunzwa kwa lugha ya nani? Perspective, huduma ya kupima ukali wa maandishi iliyotoka ndani ya Google mwaka 2017, ilianza na Kiingereza. Ilipopanuliwa hadi lugha zaidi ya 15, Kiswahili hakikuwemo. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti walionyesha kwamba kukosea herufi makusudi au kuchomeka nukta katikati ya neno kulitosha kushusha alama ya tusi. Hata ndani ya Kiingereza chenyewe mambo hayakuwa sawa: mwaka 2019 Maarten Sap na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba modeli zilizofunzwa kwa data maarufu za wakati huo zilikuwa na uwezekano hadi mara mbili wa kuziita za matusi twiti zilizoandikwa kwa Kiingereza cha Wamarekani Weusi. Mashine ilijifunza upendeleo wa waliozipa data chapa. Kwetu fikiria Kiswahili cha Lubumbashi, au Sheng ya Eastlands, mbele ya modeli iliyolelewa kwa habari za magazeti.

Kazi nzuri inafanyika. Mwaka 2025 ilitoka AfriHate, mkusanyo wa data za chuki na matusi kwa lugha 15 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zilizopewa chapa na wasemaji wenyewe. Waandishi wake wanalalamikia jambo tunalolizungumzia hapa: kwamba lugha zetu hukumbwa na mambo mawili kwa pamoja, ama kuachwa bila usimamizi kabisa, ama kufutwa hovyo kwa kuwinda maneno bila muktadha. Modeli za Kiswahili zitaboreka. Nakubali.

Lakini swali la pili halitibiwi na modeli bora, maana ni hesabu. Hebu tuifanye.

Tuseme grupu lako lina jumbe 10,000 kwa mwezi, na 100 kati yake ni mbaya kweli. Hiyo ni asilimia 1, na grupu la kawaida la watu wanaofahamiana huenda likawa na chini ya hapo. Tuseme umepata modeli nzuri mno: ikiona ujumbe mbaya inaukamata mara 95 kati ya 100, na ikiona mzuri inauacha mara 95 kati ya 100. Muuzaji atakuambia "usahihi wa asilimia 95", nawe utafurahi.

Kati ya jumbe 100 mbaya, imekamata 95. Vizuri. Kati ya jumbe 9,900 nzuri, imekosea asilimia 5, yaani 495. Jumla imefuta jumbe 590, na zilizostahili ni 95. Hiyo ni kama asilimia 16. Kwa maneno mengine, katika kila jumbe sita zilizofutwa, tano hazikuwa na kosa.

Boresha modeli ikosee asilimia 1 tu ya jumbe nzuri. Sasa inafuta 99 zisizo na kosa pamoja na zile 95. Bado zaidi ya nusu ya waliofutwa wameonewa. Na hapa hakuna hila: jambo adimu likitafutwa kwenye rundo kubwa, hata kosa dogo juu ya rundo linazidi ukubwa wa jambo lenyewe. Madaktari wanaipata shida hiihii wakipima ugonjwa adimu kwa watu wengi wasio na dalili. Tofauti ni kwamba kipimo cha kwanza kikionyesha ugonjwa, daktari hakimbilii kisu. Anarudia kipimo. Roboti wetu anakata palepale.

Tulichokisahau kutoka kwenye baruapepe

Cha ajabu, jambo hili lilishafikiriwa vizuri zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham alichapisha makala kuhusu kuchuja barua taka kwa kanuni ya uwezekano ya Bayes. Alisisitiza kwamba makosa mawili ya kichujio hayana uzito sawa. Taka ikipita, unaudhika kidogo. Barua halali ikizuiwa, umepoteza kitu ambacho pengine hutakijua milele. Kwa hiyo aliupindisha mchujo wake makusudi, kila neno lililoonekana kwenye barua halali akalihesabu mara mbili.

Na baruapepe ina kitu kingine ambacho tumekizoea hata hatukioni: folda ya taka. Barua iliyoshukiwa haichomwi. Inawekwa pembeni. Mhusika anaweza kwenda kuitazama, na wengi wetu tumewahi kuikuta humo barua ya maana.

Mapishi ya roboti wa grupu yamechukua kichujio na kuiacha folda. Ujumbe unafutwa, wenzako hawajui kama uliwahi kuwepo, na wewe unabaki na onyo la 1 kati ya 3 bila kuambiwa neno gani limekuponza. Admini akiulizwa kama roboti anafanya kazi vizuri, atasema ndiyo, grupu limetulia. Ametulizwa na ukimya. Wale 99 au 495 hawaoni, kwa kuwa kazi ya roboti ilikuwa kuwafanya wasionekane. Ukikitathmini chombo kwa ushahidi ambao chombo chenyewe kinaufuta, lazima kitafaulu.

Nani ananyamazishwa

Mpaka hapa mtu anaweza kucheka: Himalaya, mahindi, pole sana. Kwa hiyo tuitazame orodha moja ya kawaida, ile ya "ukatili". Admini mwenye nia njema anaweka humo vitenzi vya kuua na kufa, kwa aina zake nyingi, ili watu wasitishane. Adhabu: ujumbe kufutwa, mtu kunyamazishwa saa 24.

Usiku wa manane kijana anaandika kwenye grupu la chuo: "Nimechoka jamani, natamani kufa tu."

Kwa herufi, ujumbe huo na tishio vinafanana. Roboti atatii kama alivyoagizwa. Ataufuta kabla yeyote hajausoma, kisha atamfungia mdomo aliyeuandika kwa siku nzima, siku ambayo pengine ndiyo alihitaji kusikia sauti ya mtu. Hakuna kitu kilichoharibika hapo. Tokeni ni sahihi, programu haina kosa, kanuni zimefuatwa mpaka nukta. Mpangilio ndio ulioamua kwamba jumbe za namna hiyo zisifike kwa binadamu.

Ukiangalia vizuri, wanaotumia maneno yaliyoko kwenye orodha zetu bila nia mbaya mara nyingi ndio wenye shida. Msichana anayeuliza kuhusu sehemu za mwili wake kwa jina analolijua, kwa sababu la kitabuni hajafundishwa. Mke anayesimulia alichoitwa na mumewe jana, naye inabidi alitaje tusi ili aeleweke. Mtu aliyebaguliwa, anayeliandika neno alilobaguliwa nalo. Wote hawa roboti anawaweka kapu moja na mtukanaji. Tena mtukanaji mzoefu yeye keshaandika kwa sifuri na nukta, amepita.

Mpangilio ninaoutetea

Mhakiki asiyesema afanye nini mwingine ni kelele tu, kwa hiyo nisema.

Kwanza, gawanya kazi. Mafuriko, linki za matapeli, akaunti zilizoingia sasa hivi: roboti afute na atoe, bila kuuliza. Chochote kinachohusu maana ya maneno, roboti asifute. Amwarifu admini tu, kwenye grupu dogo la maadmini, akiambatanisha ujumbe na sababu. AutoMod ya Discord ina chaguo la kutuma tahadhari bila kuzuia. Kwa Telegram, roboti anaweza kuupeleka ujumbe kwenye grupu la maadmini badala ya kuufuta. Hiyo ndiyo folda yetu ya taka. Admini wa zamu anaangalia, anaamua.

Utaniambia maadmini ni wachache na wana kazi zao. Rudi kwenye hesabu: jumbe 590 kwa mwezi ni kama 20 kwa siku. Watu watatu wakigawana, kila mmoja ana saba. Grupu ambalo halina watu watatu wa kusoma jumbe saba kwa siku lina tatizo ambalo roboti hatalitibu.

Pili, maneno ya kutaka kufa na kujidhuru yawe na njia yake. Hayafutwi, hayaadhibiwi. Yanamwamsha mtu, na huyo mtu anamtafuta mwenzake faraghani mara moja. Kama hakuna wa kuamka usiku, afadhali roboti asiyaguse kabisa, mwanagrupu mwingine aliye macho ayaone na ajibu.

Tatu, anayeonywa aambiwe kwa nini na kwa nani akate rufaa. Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake jambo linalomwathiri sana. Sisemi kwamba kutolewa kwenye grupu la mapishi ni kesi ya kupeleka mahakamani. Nasema wazo ni la kiungwana, na halihitaji mahakama ili tulifuate.

Nne, kumbuka ile habari ya uadmini. Roboti uliyemuazima kwa mtu usiyemjua, ukimpa uadmini, kompyuta ya mtu huyo inapokea kila kinachoandikwa grupuni. Kwa grupu la mpira, labda si kitu. Kwa grupu la wanaoishi na VVU, au la akina mama wanaosimuliana ya nyumbani, ni kitu kikubwa, na wanagrupu wana haki ya kuambiwa kabla.

Tano, hesabu makosa. Kila mwezi maadmini wakae na zile tahadhari, waandike ngapi zilikuwa za kweli na ngapi za uongo. Telegram yenyewe huwaonyesha maadmini matukio ya saa 48 zilizopita, zikiwemo jumbe zilizofutwa. Ni muda mfupi, kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi kuangalia. Kanuni inayoonea kuliko inavyosaidia itolewe, hata kama iliwekwa na mwanzilishi wa grupu.

Na kama unataka kumpima roboti uliye naye leo, huhitaji maabara. Nenda kwenye grupu la majaribio, uandike: "Nitakosa kipindi cha falaki kuhusu anga la Himalaya, naenda Sengerema kumaliza kazi." Sentensi hiyo ina mitego mitano na haina kosa hata moja. Halafu andika "Nitakupigia", kisha "Mahindi yana madoadoa", kisha "Nimechoka, natamani kufa". Tazama ni zipi zimebaki kwenye kioo, na ujiulize nani angekuwa ameandika zile zilizopotea.